Wimbo Kabla ya Santuri: Kiswahili cha Muziki wa Dansi Kinavyofinyangwa Mazoezini



 Kwa desturi, mhadhara wa umma katika taaluma za Kiswahili huanzia kwenye diwani, riwaya au utenzi wa kale. Mimi nitaanzia kwenye ukumbi wa baa wakati wa mchana, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza, wapiga gita wanakaza nyuzi, na mwimbaji mmoja ameshika karatasi ya daftari yenye maneno ambayo hadi wiki ijayo nusu yake itakuwa imebadilika. Hapo ndipo sehemu kubwa ya matini za Kiswahili zilizosikika sana nchini Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilipopata umbo lake. Sijui kwa nini tumepita mahali hapo mara nyingi hivi bila kuingia.

Dai langu ni moja. Matini ya wimbo wa dansi si maneno yaliyoandikwa na mtunzi kisha yakatiwa muziki. Ni maneno yaliyopita katika vinywa na vyombo vya watu kadhaa, na pale yalipobadilishwa, mara nyingi pana sababu ya kiisimu inayoweza kuelezwa. Anayeichukua matini hiyo kama shairi lililopigwa chapa, kisha akaketi kuhesabu makosa yake, anahesabu alama za patasi na kudai kwamba seremala ameharibu mbao.

Nitachukua bendi moja maarufu iwe mfano wetu wa kwanza. Mlimani Park Orchestra, ambayo mashabiki huiita Sikinde, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Jina Sikinde lenyewe ni la ngoma ya Wazaramo, kama ambavyo Msondo, jina linaloambatana na bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ni jina la ngoma pia. Waasisi wa Mlimani Park hawakuwa wanafunzi wa muziki: Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Tobias Chidumule, Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Michael Enoch walikuwa tayari watu wenye majina. Walikuwa waajiriwa. Mazoezi yalikuwa kazi ya mchana, na dansi ilikuwa kazi ya usiku. Nasisitiza jambo la ajira kwa sababu lina maana kwa mwanaisimu: watu walewale, mahali palepale, juma baada ya juma, wakiyarudia maneno yaleyale hadi yanyooke. Ni maabara gani ya lugha iliyo bora kuliko hiyo?

Mtafiti Mjerumani Werner Graebner aliziandama bendi za Dar es Salaam katika miaka ya 1980, na wengine kama Kelly Askew na Alex Perullo wakafuata na vitabu vyao vya mwaka 2002 na 2011. Kutokana na kazi za namna hiyo, na kutokana na simulizi za wanamuziki wenyewe, utaratibu unafahamika vyema. Mtunzi huleta maneno pamoja na kiini cha sauti, yaani namna anavyouimba wimbo huo peke yake. Waimbaji wenzake huushika na kuugawa katika sauti mbili au tatu. Gita la solo, gita la pili, gita la ridhimu na besi hutafuta kila moja njia yake, si kwa kufuata noti zilizoandikwa bali kwa kusikilizana. Wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni hupewa mahali pao baina ya beti. Kisha wimbo hugeuka: baada ya sehemu ya kwanza ya taratibu, ambamo kisa kinasimuliwa, huja sehemu ya pili ya kasi ambayo wanamuziki waliiita chemko, na hapo maneno hupungua, miguu ikatawala.

Sasa tutazame kinachoyapata maneno. Sitanukuu wimbo wa mtu. Haki ya maneno hayo ni ya wenyewe, na suala la haki nitalirudia. Nitatumia sentensi nilizozitunga mwenyewe kwa kufuata ruwaza zinazosikika katika nyimbo nyingi.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hiyo ni nyepesi darasani, lakini kwa mtunzi wa wimbo ni mtego, kwa sababu muziki mara nyingi hupenda kumaliza mstari kwa noti ndefu na nzito, ilhali neno la Kiswahili hupenda kumalizika kwa kushuka. Mtunzi ameandika: “Nimetoka kwa mama.” Sauti aliyoibuni inamtaka avute silabi ya mwisho. Akiivuta, masikio ya Waswahili yatasikia neno lenye mkazo mahali pasipo pake, na wote ukumbini watajua kwamba pana kitu kimepinda hata kama hawatakitaja. Afanye nini? Anaweza kubadili sauti, lakini gita limekwisha kuizoea. Anaweza kuongeza silabi: “Nimetoka kwa mama wee.” Au anaweza kufanya jambo la werevu zaidi: “Nimetoka kwa mamangu.” Hapo mkazo wenyewe umehama. Ile silabi iliyokuwa ya mwisho katika mama imekuwa ya pili kutoka mwisho katika mamangu, inavutwa kihalali, na kiambishi cha umilikishi kinashuka nyuma yake kama vazi linaloburuzika.

Tazama basi jinsi tunavyoweza kukosea tukiwa na karatasi pekee. Mhakiki wa matini ataandika kwamba mtunzi ametumia umilikishi uliofupishwa ili kuonyesha ukaribu wa kihisia baina ya mwana na mama. Huenda ni kweli. Lakini asubuhi ya siku hiyo hapakuwa na ukaribu huo katika daftari. Uliletwa na noti ndefu, kisha wote wakaupenda. Na vile vijineno vya wee, yee na ee, ambavyo katika unukuzi wetu huwa tunaviacha kwa kuviona makapi, vina kazi ya kisarufi ya matamshi: vinaisukuma silabi ya mwisho ikae mahali panaporuhusu mkazo. Anayeviacha anautupa ushahidi.

Wahenga wetu wa ushairi waliyajua mambo haya. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi aliyoitoa mwaka 1954, anazungumzia ruhusa za mshairi, na jadi yetu ya uhakiki imezipa majina: inkisari, kulifupisha neno, mazida, kulirefusha, tabdila, kubadili sauti yake. Tunayafundisha hayo kwa kutumia mashairi ya gazetini. Ningependa tuyafundishe pia kwa kutumia mazoezi ya bendi, kwa sababu huko tunaweza kuiona ruhusa ikiombwa, ikibishaniwa na ikitolewa, si kuikuta imekwisha kutolewa.

Mfano wa pili unanifurahisha zaidi, na nitauchelewesha kidogo. Chukueni neno nchi. Lina silabi mbili, n na chi, na mkazo uko kwenye n. Nawaomba nyote hapa ukumbini, kimoyomoyo, mjaribu kulivuta neno hilo kwa pumzi nzima pale mkazo ulipo. Mtajikuta mnanguruma puani. Konsonanti ya nazali inaweza kubeba mkazo katika usemi, lakini haiwezi kubeba sauti ya mwimbaji wa dansi anayeshindana na tarumbeta. Vivyo hivyo mtu, mbwa na nne. Ndiyo maana, nikisikiliza nyimbo nyingi, nashuku kwamba mahali pengi panapoimbwa “nchini” palianza na “nchi”. Kiambishi cha mahali kimeingia si kwa ajili ya mahali. Kimeingia ili mkazo uondoke puani uhamie kwenye irabu. Mtu naye hugeuka kuwa watu au mwanadamu. Wimbo uliokuwa unamsema mtu mmoja ukajikuta unawasema watu wote. Ndugu zangu, yapo mafumbo mengi ya “falsafa ya umoja” katika tasnifu zetu ambayo asili yake ni pua.

Nisije nikaeleweka kwamba natania tu. Maana inayozaliwa kwa sababu ya sauti ni maana kamili. Chukueni mtunzi aliyeleta maneno “Nimekosa, nisamehe”. Yeye ni mwimbaji mmoja na kosa ni lake. Sasa kiitikio kinahitaji waimbaji watatu. Waimbe nini? Wakirudia nafsi yake, watatu wanakuwa mtu mmoja, jambo linalokubalika kisanaa. Wanaweza kusimama kando kama majirani na kumwombea: “Amekosa, msamehe.” Lakini hapo m ya mtendwa imekuja kukaa kwenye pigo la kwanza, pigo zito kuliko yote, na tumeona kwamba m haibebi. Mmoja atajaribu, atasikia inavyopotea chini ya besi, na mwingine atasema: “Tuimbe tusamehe.” Hivyo kiitikio kinakuwa “Tumekosa, tusamehe”. Kosa la mtu mmoja limekuwa la kaya nzima. Hakuna aliyepanga kutoa mahubiri. Ni kiambishi kimoja kilichoshindwa kupaza sauti na kingine kikaweza. Ila baada ya kuingia, kimeugeuza wimbo, na mtunzi aliyekuja na aibu yake binafsi anarudi nyumbani na wimbo wa toba ya umma.

Wapo wanaosema kwamba muziki wa dansi umekiharibu Kiswahili sanifu. Nimesoma tasnifu zenye sura nzima za “makosa ya upatanisho wa kisarufi katika nyimbo za dansi”, majedwali yakiwa nadhifu. Sikatai kwamba makosa yapo. Wanamuziki wetu wametoka Kigoma, Tabora, Morogoro, Tanga, Kongo. Remmy Ongala alizaliwa Kindu na akaja Dar es Salaam mwaka 1978 akiwa mtu mzima. Kiswahili chao kina nyumbani kwake. Yapo pia maneno ya kujazia ambayo hayana udhuru wowote isipokuwa uvivu, hasa pale bendi ilipoharakisha kutoa kibao ili isishindwe na jirani. Lakini mtafiti asiyeuliza wimbo ulipitia wapi hawezi kutofautisha kosa na uamuzi. Jedwali lake linaweka vyote katika safu moja.

Aidha, bendi haikuwa mhariri wa mwisho. Kwa muda mrefu njia kuu ya wimbo kuwafikia wananchi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na maneno yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Neno lililoonekana la matusi au la kuchokonoa serikali liliondolewa au likafunikwa kwa fumbo. Kwa hiyo mkanda wa redio, ambao leo umo mikononi mwa TBC na ndio chanzo kikuu cha watafiti, unahifadhi hatua moja ya wimbo: ile iliyopita mlangoni. Usiku ukumbini wimbo huohuo ungeweza kuendelea kubadilika kwa miaka.

Zipo nyimbo zetu zilizobadilishwa mbali zaidi, na nitazipitia upesi. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William huko Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, uliimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 na Boney M. Wa Makeba huwakaa Waswahili vizuri masikioni, na nadhani sababu si sauti yake tu: lugha za wazazi wake, Kixhosa na Kiswati, nazo hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho. Hakujifunza mkazo wetu; alikuja nao. Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison uliotoka mwaka 1982, ulichukuliwa na Boney M mwaka uliofuata. Wengi wetu huukejeli kwa Kiswahili chake cha hoteli. Mimi navutiwa na jambo moja. Hujambo, hamjambo na sijambo zina viambishi vya nafsi, na kwa hiyo zinamtaka msemaji ajue anasema na nani, na wangapi. Jambo peke yake haimtaki ajue chochote. Neno lililovuliwa viambishi linaweza kuimbwa na yeyote kwa yeyote, na lilisafiri dunia nzima kwa sababu halikuwa na mzigo.

Hayo ni ya pwani na ng'ambo. Sasa nawaomba tuondoke huko twende Ziwa Viktoria, kwa sababu huko nimeona safari ya kinyume: wimbo maarufu wa Kiswahili ukirudishwa katika ngoma na katika lugha yenye toni.

Nassa iko kandokando ya Ghuba ya Speke, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Hadi mwaka 2012 tulihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Sasa tumo Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya pamba, mpunga na samaki. Wamisheni walifika hapo mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kituo kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission, kwa hiyo kwaya na ngoma zimeishi bega kwa bega kwa zaidi ya miaka mia moja, si mara zote kwa amani. Usukuma pia ni nchi ya mashindano. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyojinasibu kwa waganga wawili wa kale, Ngika na Gumha, hupambana uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Manju anayeona watu wanahama kwenda upande wa pili hubadilisha wimbo papo hapo. Elias Songoyi, katika tasnifu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988, aliwaweka pamoja Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi, na akaonyesha jinsi manju anavyoweza kuwa msifu wa dola au mkosoaji wake. Frank Gunderson naye amekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa cha mwaka 2010. Eneo hili si jangwa la utafiti. Lakini wengi wamelenga wimbo uliokomaa.

Julai 2018 nilikuwa nyumbani, na vijana sita wa jirani, wakiongozwa na mama mmoja mkulima aliyekuwa manju wa bugobogobo katika ujana wake, walikuwa wakiandaa ngoma ya mashindano. Bugobogobo ni ngoma ya majembe: ilitoka katika vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, na hadi leo wachezaji hurusha na kuzungusha majembe kwa pigo moja. Vijana walikuwa na gita mbili, kipaza sauti kinachotumia betri ya sola, na ngoma tatu. Walitaka kuingiza wimbo mmoja wa Sikinde ambao kila mtu anaujua, waliokuwa nao katika simu. Nilikaa chini ya mwembe kwa siku tatu na daftari langu. Walinizoea upesi, kwa umri wangu mimi ni Guku kwa wote hao.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuuvunja mpangilio. Sehemu ya taratibu haina kazi mahali pa majembe: hakuna mchezaji atakayesimama dakika tatu akisikiliza kisa. Wakaanza na kasi ya chemko, na kisa wakakikata vipande, kila kipande kikiwa wito wa manju na kufuatiwa na itikio. Hapo sintaksia ikaumia. Sentensi ya Kiswahili ya namna ya “Barua uliyonipa nimeipoteza”, yenye kishazi tegemezi tumboni mwake, haigawanyiki katika wito na itikio. Ukikata baada ya “uliyonipa”, waitikiaji wanabaki wameshika mkia usio na mnyama. Basi ikawa vishazi viwili huru, kama vile: ulinipa barua, nimeipoteza. Wito mmoja, itikio moja. Nilihesabu sentensi tano za virejeshi katika wimbo wa asili. Kufikia jioni ya siku ya kwanza hapakuwa na hata moja iliyobaki. Wanaisimu wanaodai kwamba fasihi simulizi hupenda vishazi huru kwa sababu ya “fikra sahili” za jamii zisizoandika wangefaa kukaa chini ya mwembe ule. Vijana hao wana kidato cha nne na simu za kisasa. Kilichovunja kirejeshi ni pumzi ya mtu anayeinua jembe.

Siku ya pili walianza kuyageuza maneno kuwa Kisukuma, na hapo nikaona nilichokuwa sijakisoma popote. Kisukuma kina irabu saba, kinatofautisha irabu fupi na ndefu, na ni lugha ya toni. Toni yake ina tabia ambayo Irvine Richardson aliieleza mwaka 1959, na ambayo Herman Batibo aliichambua kwa kina: toni ya juu haisikiki pale ilipozaliwa katika neno, bali husogea mbele, kwa kawaida silabi mbili, na inaweza kuangukia neno linalofuata. Mtu akibadilisha neno moja mwanzoni mwa mstari, mlima wa sauti unajitokeza mbele zaidi, katika neno ambalo hakuligusa.

Kijana aliyekuwa akiimba alifanya kama wafanyavyo wenzake wa Dar es Salaam: alishika sauti ya Sikinde kama ilivyo na kuyapanga maneno ya Kisukuma juu yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole: “Mwanangu, neno hilo umelivuta mpaka limekuwa neno jingine.” Kijana akajibu kwamba ndivyo wimbo ulivyo, na kwamba gita linapanda hapo. “Basi gita lishuke,” akasema mama. Wakabishana. Mpiga gita alikataa kwanza, kwa hoja ya haki kabisa, kwamba watu wataujua wimbo kwa ule mpando. Mwishowe walikubaliana kuuacha mpando katika gita tupu, baina ya wito na itikio, ambapo hakuna mtu anayeimba. Na penye maneno sauti ikafuata neno.

Naona hapo pana tofauti ambayo inastahili utafiti mpana kuliko siku tatu za mzee mmoja. Katika mazoezi ya Kiswahili niliyoyaeleza, sauti ikishasimama, neno ndilo linalosalimu amri: linarefushwa, linapewa umilikishi, linabadilishiwa nafsi. Katika mistari niliyoisikia Nassa, neno lilisimama na sauti ikasalimu amri. Sisemi kwamba ni sheria. Nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa kwa Kisukuma juu ya sauti za Ulaya zimeimbwa Nassa kwa vizazi, maneno yakipandishwa na kushushwa kinyume cha toni zake, na waumini wanazielewa kwa kuwa wamezizoea. Toni inaweza kuvunjwa. Ila manju yule, aliyezoea uwanja ambao mtu asiyeelewa neno hugeuka na kuhamia ngoma ya pili, hakutaka kuivunja. Msikilizaji wa kanisani haondoki katikati ya wimbo.

Limebaki suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na ni vyema iwe hivyo. Wanamuziki wetu wengi wamezeeka maskini huku sauti zao zikiuza vinywaji vya watu wengine. Lakini sheria inamtafuta mwenye kazi, na mwanaisimu anayetoka mazoezini anaona wengi. Graebner, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu nyimbo za Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, aliliweka swali hilo katika kichwa cha habari: muziki ni wa nani? Malaika umebishaniwa kwa miongo mingi baina ya wanaodai kuwa ni wa Fadhili William na wanaodai kuwa ni wa Adam Salim, pamoja na majina mengine. Nimekwisha kueleza jinsi kiambishi kimoja kilichopendekezwa na mwitikiaji kinavyoweza kuugeuza wimbo mzima. Mwitikiaji huyo haandikwi popote. Wala sidai kwamba alipwe sawa na aliyekesha akitunga. Nadai kwamba sisi, ambao kazi yetu ni kuandika nani alisema nini, hatuna udhuru wa kumwacha. Wanafunzi wangu sasa nawataka warekodi mazoezi kwanza, ndipo warekodi onyesho, na katika unukuzi waonyeshe kila neno lilipobadilika na ni nani aliyelibadilisha. Wananilalamikia kwamba ni kazi mara nne. Ni kweli.

Siku ya tatu, Nassa, niliwauliza vijana niandike jina la nani kama mtunzi wa wimbo nilioutia katika kinasa sauti changu. Mdogo kuliko wote, mpiga ngoma, alijibu bila kusita: “Guku, andika Sikinde.” Mpiga gita alisema maneno si ya Sikinde tena. Mwimbaji alisema mistari miwili ni yake, na akaitaja. Mama alikuwa akipepeta mpunga. Alisema bila kuinua uso kwamba jembe nalo liandikwe, wakacheka. Niliandika jina la bendi, kisha majina ya wote saba, na kando ya kila jina badiliko alilolileta. Nilipokabidhi rekodi hiyo ihifadhiwe, fomu niliyopewa ilikuwa na mstari mmoja tu mbele ya neno Mtunzi, wenye nafasi ya herufi zipatazo 30. Nimeambatisha karatasi ya pili kwa pini.